Redio, AIS na GPS Baharini: Maswali Tunayoulizwa Lamu

Maswali haya nimeulizwa gatini Lamu, kwenye baraza za Langoni, na kwa simu na wazazi ambao watoto wao wameajiriwa katika meli za nje. Nilifanya kazi melini miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, na siku hizi huwafundisha manahodha wa mashua na boti za kasi kutumia redio. Mmoja huuliza juu ya betri, mwingine juu ya wadukuzi. Nimeyaweka mahali pamoja kwa sababu mzizi wake ni mmoja: vyombo vingi vya mawasiliano ya baharini vimeundwa viwe wazi, kila mtu asikie na kila mtu aweze kusema. Uwazi huo ndio unaookoa roho za watu, na ni huohuo unaomfungulia mlango mwongo.

Simu yangu ni nzuri. Redio ya VHF ninunue ya nini?

Simu humfikia mtu mmoja tu, yule uliyempigia. Akiwa amelala, au yuko msikitini, au wewe salio limekwisha, shauri limeishia hapo. Ukiita kwa redio ya VHF, ile ya kuongea chombo kwa chombo, wanakusikia wote walio karibu kwa mara moja: jahazi lililo njiani kwenda Kizingitini, boti ya doria, meli kubwa inayongoja rubani wa kuiingiza bandarini. Baharini anayekuwahi ni aliye karibu nawe, na huyo mara nyingi humjui jina wala namba.

Lakini VHF ina tabia yake, na asiyeijua huilaumu bure. Mawimbi yake huenda moja kwa moja kama jicho linavyoona, kwa hiyo nguvu ya redio haisaidii sana kama urefu wa antena. Kuna hesabu rahisi: tafuta kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 2.2, utapata maili za baharini. Fanya hivyo kwa antena ya mwenzio, kisha jumlisha. Wawili walioketi ndani ya mashua, redio mkononi mita 2 juu ya maji, hesabu inawapa maili 6 hivi. Kwa kweli hupata 3 hadi 5, kwani redio ya mkononi ina wati 5 au 6 tu. Pandisha antena kwenye mlingoti wa mita 9, kisha ita meli ambayo antena yake iko mita 25 juu: maili 17 na zaidi. Redio ya kufungwa chomboni yenye wati 25 huitumia nafasi hiyo vizuri.

Ndiyo maana husema: simama, inua mkono, toka nyuma ya mikoko. Vilima vya mchanga vya Shela vitakuzuia usisikike hata kama redio yako ni ya bei gani.

Chaneli 16 ni ya nini, na kwa nini mnawagombeza watu wanaozungumza humo?

Ni masafa ya megahezi 156.8, yaliyotengwa dunia nzima kwa mambo matatu: kuomba msaada, kutoa tahadhari, na kuitana. Mkishaitikiana mnahamia chaneli nyingine. Chaneli 6 ni ya chombo kwa chombo, na 13 hutumiwa na manahodha wa meli kupishana kwa usalama. Bei ya kamba na habari za arusi hazina nafasi kwenye 16.

Usiku mmoja wa kusi tulikuwa nje ya Kiwayu, mashine ya wenzetu imezima na mkondo unawasukuma kwenye mwamba. Nikafungua 16 kuita, nikasikia taarabu. Mahali fulani redio ya mtu ilikuwa imekaliwa na kopo, kitufe cha kusemea kimebanwa, na kila kilichoimbwa na kuongewa ndani ya boti ile kikawa kinajaza chaneli. Yeye hakujua, kwani redio inayosema haisikii. Karibu saa nzima hatukuweza kumpata yeyote. Wenzetu walipona kwa sababu nanga yao ya pili ilishika. Tangu hapo nikipanda chombo cha mtu, jambo la kwanza naangalia kipaza sauti kimetundikwa wapi.

Kuziba chaneli kwa makusudi, au kupiga kelele za uongo za kuomba msaada, ni kosa la jinai. Na kuacha kusikiliza nako kuna gharama yake. Usiku Titanic ilipozama, Aprili 1912, meli ya Californian haikuwa mbali, lakini opareta wake mmoja wa redio alikuwa amezima chombo na kwenda kulala. Sheria za kuweka masikio wazi usiku na mchana zilitokana na usiku ule.

Nikipatwa na hatari niseme nini? Na kama Kiingereza sina?

Sema polepole, kwa mpangilio huu:

"Mayday, Mayday, Mayday. Hapa ni mashua Salama, Salama, Salama. Mayday, Salama. Niko digrii 2 dakika 20 kusini, digrii 41 dakika 5 mashariki. Tunaingiza maji, tunazama. Nahitaji kuokolewa upesi. Tuko watu 9. Ova."

Achia kitufe, sikiliza, rudia. Watu wengi huanza na kisa kizima cha mashine ilivyoanza kukohoa, na mahali walipo hawapataji kabisa. Mahali kwanza! Redio ikikatika baada ya maneno hayo, angalau tunajua pa kuja. Kama huna GPS, chombo cha kuonyesha mahali ulipo kwa setilaiti, taja unachokiona: "Maili 3 kusini ya Ras Kitau" inatosha kuanzia.

Meli za kimataifa hutumia Kiingereza, na tangu 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lina orodha ya sentensi sanifu. Lakini usinyamaze kwa sababu ya lugha. Neno Mayday lenyewe lilibuniwa katika miaka ya 1920 kutokana na Kifaransa cha "nisaidieni", na kila baharia hulitambua. Litamke, toa namba za mahali, kisha endelea kwa Kiswahili. Kwenye pwani hii yupo atakayeelewa.

Mashine ikizima na bahari ni shwari, hamzami, hakuna aliyeumia vibaya, tumia "Pan-Pan" mara tatu badala ya Mayday. Maana yake: ni dharura, lakini roho bado haziko hatarini.

Redio yangu ina kitufe chekundu chini ya kifuniko. Nikikibonyeza kwa bahati mbaya?

Kitufe hicho hutuma wito wa dharura wa kidijitali kwa chaneli 70, na redio zote zenye uwezo huo zinalia. Wito unabeba namba ya chombo ya tarakimu 9, iitwayo MMSI. Za Kenya huanza na 634. Redio ikiwa imeunganishwa na GPS, unabeba na mahali ulipo.

Ukikibonyeza kwa makosa, usizime redio ukajificha. Nenda chaneli 16, taja chombo chako na namba, sema umefuta wito. Hakuna atakayekula mtu. Anayejificha huwatoa watu usiku kumtafuta asiyepotea.

Jambo moja hunisumbua sana: redio za mitumba zinazouzwa zikiwa na namba ya mwenye zamani. Ukizama, waokoaji wataona jina la mashua ya kifahari ya nchi nyingine na watampigia simu mtu aliyeko sebuleni kwake. Ibadilishwe kabla hujaifunga chomboni, na namba mpya upewe na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

EPIRB ni nini hasa? Inafaa kwa sisi wa mashua?

Ni boya dogo la kuitia msaada, kama chupa kubwa yenye antena. Likiwashwa hutuma ishara kwa masafa ya megahezi 406 hadi kwenye setilaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat, ulioanzishwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Muungano wa Kisovieti. Uliokoa watu kwa mara ya kwanza Septemba 1982, zama ambazo Marekani na Wasovieti walikuwa hawaaminiani. Ishara huteremshwa kwenye vituo vya ardhini, kisha taarifa hufika kwenye kituo cha uokoaji kinachohusika. Kwetu ni kile cha Mombasa, kilichofunguliwa 2006 na kinachosimamiwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya.

Ubora wake ni kwamba halihitaji mtandao wa simu, wala mtu wa karibu, wala wewe kuwa na sauti. Betri yake hudumu angalau saa 48. Lenye GPS ndani huonyesha mahali ulipo kwa tofauti ya mita mia moja hivi. Lisilo nayo hukosea kwa kilomita kadhaa. Zile za kufungwa kwenye meli hukaa katika kiota chenye kifyatuzi cha shinikizo la maji: chombo kikizama, kati ya mita 1.5 na 4 kifyatuzi hukata, boya likaelea na kujiwasha lenyewe.

Kwa mashua ndogo lipo la mtu binafsi la kufunga kwenye jaketi, hilo huwashwa kwa mkono. Ningependa kila nahodha anayevuka kwenda Kiunga wakati wa kusi awe nalo. Bei ni kubwa kwa mvuvi, sikatai. Lakini nimeona vyama vya wavuvi vikichanga na kununua machache ya kuazimana, anayetoka nje ya mwamba ndiye anabeba siku hiyo.

Mambo matatu husahaulika. Lisajiliwe kwa jina na simu ya mtu wa nchi kavu. Tarehe ya betri isomwe. Na usikubali kuuziwa la zamani la masafa 121.5 pekee, kwani setilaiti ziliacha kuyasikiliza tarehe 1 Februari 2009. Mimi niliuziwa moja, limepakwa rangi upya likang'aa, na muuzaji akaniapia. Nilikaa nalo msimu mzima nikijiona niko salama. Mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea.

AIS inaonyesha kila mtu nilipo. Je, si kuwaalika maharamia?

AIS ni chombo kinachotangaza jina la meli, namba yake, mahali ilipo, mwendo na uelekeo. Meli za safari za kimataifa zenye tani 300 na zaidi, na meli zote za abiria za safari hizo, zinatakiwa kuwa nacho tangu mwisho wa 2004. Ikiwa mwendoni, meli kubwa hujitangaza kila baada ya sekunde 2 hadi 10. Kilibuniwa ili meli zisigongane, na kwa kazi hiyo ni baraka. Jahazi la mbao lisilo na taa, usiku, rada hailioni vizuri. Lenye AIS ndogo ya wati 2 linaonekana. Tangu bandari mpya ya Lamu ianze kupokea meli za makontena, 20 Mei 2021, hoja hii imekuwa ya kila siku kwetu. Meli ya mita 200 na kitu haiwezi kusimama ghafla kwa ajili ya mtumbwi.

Hofu ya maharamia si ya kubuni. Lamu hatujasahau Septemba na Oktoba 2011, watu walipotekwa Kiwayu na Manda wakapelekwa Somalia kwa boti. Na uharamia uliodhaniwa umekwisha ulirudi: meli ya Ruen ilitekwa Desemba 2023. Kwa sababu hiyo IMO humruhusu nahodha kuzima AIS anapoamini kuwa kuiacha kunahatarisha usalama wa chombo. Ruhusa hiyo ni ya hatari ya kweli, na aandike kwenye daftari la meli saa na sababu. Wako wanaoizima ili kuvua mahali palipokatazwa, na hao wanawahatarisha wenzao wote usiku.

Ushauri wangu kwa boti za abiria za hapa: iwashe. Hatari unayokutana nayo kila siku kwenye mkondo wa Manda ni kugongana.

Naifuatilia meli ya mwanangu kwenye simu. Jana imeonekana katikati ya uwanja wa ndege!

Baba aliyeniuliza hili alikuwa hajalala. Nilimwambia meli haijapanda nchi kavu. Kilichodanganywa ni GPS. Na mfano upo. Juni 2017, karibu na Novorossiysk kwenye Bahari Nyeusi, zaidi ya meli 20 zilijikuta, kwa mujibu wa vyombo vyao, kwenye uwanja wa ndege wa Gelendzhik.

Ishara za GPS hutoka kwenye setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu, na zikifika chini ni hafifu mno. Mtu mwenye mtambo wa karibu anaweza kuzifunika kwa kelele, chombo kikabaki kipofu. Au anaweza kutuma ishara za kughushi zilizo na nguvu kidogo kuliko za kweli, chombo kikazifuata bila kulalamika. Hilo la pili ndilo baya zaidi, kwa kuwa kengele hailii. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas walifanya hivyo, kwa idhini ya wenyewe, kwenye boti ya kifahari ya White Rose of Drachs katika Mediterania. Kifaa chao kilitosha kwenye mkoba. Waliipindisha boti ile na walio usukanini hawakuona tofauti kwenye skrini.

Siku hizi si majaribio tena. Mei 2025 meli ya makontena MSC Antonia ilikwama karibu na Jeddah, na kampuni zinazofuatilia meli zililihusisha tukio hilo na kuvurugwa kwa GPS. Bahari ya Shamu ni njia ya watoto wetu wengi.

AIS nayo huchukua mahali kutoka GPS, kwa hiyo hurudia uongo uleule. Tena haina kufuli: ujumbe wake hausimbwi wala hauthibitishwi. Juni 2021 manowari mbili, ya Uingereza na ya Uholanzi, zilionyeshwa zikielekea Sevastopol, na huku kamera ya bandari ya Odesa ilikuwa inazionyesha zimefungwa kamba gatini.

Sasa nahodha afanyeje, ikiwa hata GPS haiaminiki?

Afanye walivyofanya babu zake, akiongeza na vya leo. Alinganishe. Kina cha maji kinachosomwa na chombo kinafanana na kilichoandikwa kwenye ramani hapo? Rada inaonyesha ufuo upande uleule? Dira inakubali? Saa ya GPS imeruka? Mwendo umepanda ghafla hadi noti 40, yaani maili 40 za baharini kwa saa, kwa meli ya noti 14?

Nahodha wa Matondoni anayejua rangi ya maji juu ya fungu la mchanga, anayepima kina kwa bildi na kusoma nyota, ana hazina ambayo vyuo vya nje sasa vinajaribu kuirudisha. Chuo cha maafisa wa jeshi la wanamaji la Marekani kilirejesha mafunzo ya kuongoza meli kwa nyota mwaka 2015 baada ya kuyaacha. Vijana wa Lamu wanaokwenda meli kubwa wasione haya kuyataja maarifa haya.

Meli inaweza kutekwa kwa kompyuta kama kwenye sinema?

Kushikiwa usukani kutoka mbali ni vigumu. Kinachotokea sana ni cha kawaida zaidi: flashi yenye virusi, barua pepe ya uongo, neno la siri ambalo halijabadilishwa tangu mtambo wa setilaiti utoke kiwandani.

Tarehe 27 Juni 2017 virusi vya NotPetya viliingia kwenye kompyuta za kampuni ya meli ya Maersk kupitia programu ya uhasibu iliyotumika Ukraini. Meli baharini ziliendelea kwenda, lakini malango ya bandari yalifungwa, malori yakapanga foleni, na hakuna aliyejua kontena lipi liko wapi. Hasara ilikuwa dola milioni 200 hadi 300. Nakala muhimu ya kumbukumbu za kompyuta iliyowawezesha kujenga upya mtandao wao ilipatikana ofisi ya Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika huko virusi vilipopita. Cap Carmel, meli ya kwanza kufunga kamba kwenye gati jipya la Lamu, ilikuja chini ya kampuni hiyohiyo, kwa hiyo msifikiri mambo haya ni ya mbali.

IMO ilitaka kampuni za meli ziingize usalama wa kompyuta katika mpango wao wa usalama kuanzia Januari 2021, na meli mpya zilizoagizwa tangu Julai 2024 zina masharti makali zaidi ya uundaji. Lakini wewe kijana unayeanza kazi, kumbuka hili: usichaji simu yako kwenye kompyuta ya ramani ya meli. Nimeona ikifanywa, na kijana hakuwa na nia mbaya, alitafuta tundu tu. Mtandao wa mabaharia wa kupigia nyumbani utenganishwe na mtandao wa darajani, yaani chumba cha kuongozea meli. Na usirushe mitandaoni picha ya mahali mlipo na mzigo mliobeba mpaka mfike.

Mwanangu hapatikani siku tatu, na mtu amenipigia akisema meli imetekwa, nitume pesa.

Mamangu, usitume chochote. Kimya cha siku tatu ni cha kawaida: salio la setilaiti limekwisha, bahari imechafuka, au nahodha amefunga intaneti kwa sababu wanapita mahali pa hatari. Matapeli wanajua kimya hicho, na jina la meli wanalisoma kwenye kurasa za vijana wenyewe. Kwa kawaida maharamia hudai kwa mwenye meli.

Kabla kijana hajaondoka aandike kwenye karatasi: jina la meli, namba yake ya IMO ya tarakimu 7 ambayo haibadiliki hata meli ikibadilishwa jina, simu ya wakala aliyemwajiri, na simu ya afisa wa usalama wa kampuni aliyeko nchi kavu. Kila kampuni ya meli za kimataifa inatakiwa kuwa na afisa huyo. Piga kwake. Ukikosa jibu, nenda Mamlaka ya Bahari ya Kenya.

Ni kweli meli zina kitufe cha siri cha kuitia msaada zikivamiwa?

Ndiyo, tangu 2004 zilianza kuwekewa. Hakilii wala hakiwaki taa. Hutuma taarifa kimyakimya kwa kampuni na serikali ya bendera ya meli. Viko angalau viwili, kimoja darajani. Baharia asimwambie mtu viliko vingine, hata nyumbani.

Nina pesa kidogo. Ninunue nini kwanza?

Redio ya VHF ya mkononi isiyopitisha maji na inayoelea, pamoja na betri ya akiba ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Ifunge kwa ugwe kwenye jaketi lako, isikae sandukuni, maana mashua ikipinduka sanduku ndilo linalokwenda kwanza. Chombo kikisajiliwa, lipia na leseni ya redio. Kinachofuata ni boya la dharura la 406, hata la kuchangia. AIS baadaye.

Na kabla ya kung'oa nanga, mwambie mtu mmoja nyumbani unakwenda wapi, mko wangapi, unarudi maji yakijaa au yakipwa, na baada ya saa ngapi aanze kuuliza. Hilo halina bei, na usiku wa kutafuta mtu ndilo tunaloliuliza kwanza mlangoni kwenu.